Kichwa cha mbuzi, rula na vijiti vya meno: mwongozo kamili wa kujifunza mfumo wa fahamu nyumbani

Jioni moja pale Tandika, ninapofundisha tuisheni ya baiolojia, binti mmoja wa kidato cha tatu alinitajia sehemu za ubongo bila kumeza mate: serebramu, serebelamu, thalamasi, haipothalamasi, medula oblongata. Alizimwaga kama konda anayeita vituo. Nikamwambia, haya mwanangu, weka kidole ilipo serebelamu yako. Akagusa paji la uso. Nusu ya darasa wakamcheka. Nilipowageukia wao, wakagusa utosi.

Sasa sianzi na mchoro wa kitabu. Naanza na kidole cha mguu, napanda na ugwe wa mgongo, na ubongo unakuja mwishoni, tena mezani, kwenye sinia. Majina nayataja baada ya mtu kugusa kitu chenyewe. Mpangilio huu umenichukua miaka kadhaa kuunyoosha. Unatosha wikiendi mbili kwa mwanafunzi mmoja, au kwa mzazi anayetaka kumsaidia mtoto wake.

Vitu vya kuandaa

Rula ya sentimita 30, vijiti viwili vya meno, karatasi na kalamu, simu yenye tochi, stuli ndefu ya kukalia miguu ikining'inia. Hivyo ni vya wikiendi ya kwanza. Kwa wikiendi ya pili tafuta glavu za mpira, kisu chenye makali, sinia, chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, spiriti ya duka la dawa na kichwa kimoja cha mbuzi. Kichwa usikinunue mapema, nitaeleza.

Hatua ya kwanza: neva, kuanzia Feri

Ukienda soko la samaki Feri asubuhi, mwangalie ngisi. Watu wa Dar tunamjua kwa kukaangwa, lakini mnyama huyu ndiye aliyewafundisha wanasayansi jinsi neva inavyopeleka habari. Ana aksoni, yaani ule mkia mrefu wa seli ya neva, ambayo kwa aina fulani za ngisi hufikia unene wa karibu milimita 1. Aksoni nene kabisa ya binadamu ni kama sehemu moja ya hamsini ya hapo. Mwaka 1939 Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walifanikiwa kuingiza waya mwembamba ndani ya aksoni ya ngisi na kupima umeme wake. Kufikia 1952 walikuwa wameeleza kwa hesabu jinsi chembe za sodiamu zinavyoingia na za potasiamu zinavyotoka ili mpigo wa umeme usafiri, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel. Kumbe ile chumvi tunayoisikia kwenye jasho ndiyo inayobeba habari ya mwili mzima.

Sasa rudi kwako. Kumbuka mara ya mwisho ulipojigonga kidole gumba cha mguu kwenye ngazi. Maumivu yalikuja mara mbili: kwanza mchomo mkali wa ghafla, halafu, ukishaanza kuruka kwa mguu mmoja, likafika lile vuguvugu zito linaloumiza kweli. Hayo ni makundi mawili ya neva yakishindana njiani. La kwanza limefunikwa na mielini, utando wa mafuta unaozungushwa kwenye aksoni, na linakwenda mita 5 hadi 30 kwa sekunde. La pili halina mielini, linakwenda mita 1 hivi kwa sekunde. Kutoka kidoleni hadi kichwani ni kama mita moja na nusu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe la pili linachelewa kiasi gani.

Mielini haifuniki aksoni yote. Ina nafasi ndogondogo wazi, na mpigo unaruka kutoka nafasi moja hadi nyingine. Wanafunzi wangu wanaielewa kwa basi la mwendokasi la ekspresi linalopita vituo vidogo bila kusimama. Neva isiyo na mielini ni daladala la Gongo la Mboto, kila mti linasimama. Neva za kasi zaidi mwilini, zile zinazohusika na misuli, hufika mita 120 kwa sekunde.

Kama mko wengi, shikaneni mikono mduara, mfumbe macho, mmoja abonyeze mkono wa jirani yake na kuanza kuhesabu muda kwenye simu. Kila anayebonyezwa anambonyeza anayefuata hadi ubonyezo urudi ulikoanzia. Gawanya sekunde kwa idadi ya watu. Rudieni mara tano na mtaona muda unapungua. Pale kiganja kinapokutana na kiganja ndipo pa kulitaja neno sinapsi: ile nafasi ndogo mno kati ya seli na seli, ambapo umeme unasimama na kemikali inavushwa kwenda upande wa pili. Ni moja ya sehemu zinazokula muda.

Hatua ya pili: goti, na kamba iliyo ndani ya mifupa

Kaa kwenye stuli, miguu ining'inie, ulegee kabisa. Mwenzako apige kwa ukingo wa kiganja chini kidogo ya kifupa cha goti, kwenye ule mshipa mgumu. Mguu unaruka wenyewe. Usipoona kitu, shikanisha vidole vya mikono yako miwili na uivute kwa nguvu wakati anapiga. Karibu kila mtu hapo mguu utaruka.

Uliza swali moja tu: nani ameamuru mguu uruke? Siyo ubongo. Habari ilipanda kutoka kwenye msuli wa paja, ikaingia kwenye ugwe wa mgongo sehemu ya kiunoni, ikakutana moja kwa moja na neva inayoamuru msuli, ikarudi. Ubongo ulipewa taarifa baadaye, kama baba mwenye nyumba anayesikia mgeni ameshakula na kuondoka. Ndivyo ilivyo pia unapogusa sufuria ya moto: mkono unakuwa umeshatoka kabla hujasema "aah".

Mtaani tunasema uti wa mgongo tukimaanisha vyote, mifupa na kilichomo. Katika mwongozo huu mifupa ni uti wa mgongo, na kamba ya ndani ni ugwe. Ukitaka kuuona, mwombe muuza bucha kipande cha shingo ya mbuzi au ya ng'ombe. Ndani ya pingili kuna uzi mweupe laini, ule ambao wazee huufyonza kwenye supu. Ukate kwa kisu kikali, uangalie kwa tochi: katikati kuna umbo la kijivu kama kipepeo, pembeni kote kweupe. Kijivu ni seli zenyewe na sinapsi zake. Kweupe ni nyaya zenye mielini. Likumbuke hilo umbo, maana kwenye ubongo mkubwa, yaani serebramu, rangi zitageuka, kijivu kitakuwa nje.

Ugwe wa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 45 na unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Jozi 31 za neva hutoka humo, nyingine 12 hutoka kwenye ubongo moja kwa moja. Hili la ugwe kuishia juu lina maana kubwa hospitalini. Daktari anayeshuku homa ya uti wa mgongo huchukua maji kwa sindano chini ya hapo, ambako hakuna tena ugwe, kuna neva zinazoelea tu. Nimewasikia wazazi wengi wakikataa kipimo hicho kwa kuamini mtoto atapooza. Chora mgongo kwenye karatasi, weka alama ugwe unapoishia na sindano inapoingia, umwonyeshe mtu. Mchoro huo unabishana vizuri kuliko mdomo.

Hatua ya tatu: rula

Mwenzako ashike rula kwa juu, sifuri ikiwa chini, katikati ya kidole gumba na cha shahada chako bila kugusa. Aiachie bila kukuambia. Idake. Soma sentimita pale ulipoishika. Sentimita 10 ni sekunde 0.14, 15 ni 0.17, 20 ni 0.20, 25 ni 0.23, na ukiikosa kabisa ujue umevuka robo sekunde. Anayependa hesabu agawanye sentimita kwa 490, kisha atafute kipeuo cha pili.

Hapa, tofauti na goti, habari inapita ubongoni: jicho, kisogo, sehemu ya kupanga, sehemu ya kuamuru misuli, ugwe, mkono. Fanya mara kumi, halafu mara kumi tena huku unahesabu kurudi nyuma kwa saba kuanzia mia. Namba zinaharibika. Vijana wa bodaboda wanaokuja kuchukua wadogo zao pale darasani huwa wanataka kujaribu, na huwa nawapigia hesabu hii: kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakata zaidi ya mita 3 katika sekunde 0.2. Na hapo ulikuwa umekaa unaisubiri rula.

Hatua ya nne: vijiti vya meno

Fumba macho. Mwenzako akuguse na vijiti viwili kwa pamoja, taratibu, akibadilisha umbali kati yake, nawe useme ni kimoja au viwili. Kwenye ncha ya kidole utavitofautisha hata vikiwa na milimita 2 au 3 kati yake. Mgongoni vinaweza kuachana sentimita 4 na bado ukasema ni kimoja. Ngozi ya ncha ya kidole imejaa miisho ya neva, na ubongoni vidole na midomo vimepewa eneo kubwa kuliko mgongo mzima.

Mwangalie konda siku gari limejaa. Mkono mmoja bombani, kichwa nje ya dirisha, na mkono mwingine unachambua sarafu mfukoni, mia huku, mia mbili kule, bila kuangalia. Vidole vyake vinasoma. Mwambie afanye hivyo kwa kiwiko.

Hatua ya tano: macho

Fupi hii. Chora msalaba, na sentimita 8 kulia kwake doa jeusi. Funga jicho la kushoto, tazama msalaba kwa la kulia, sogeza karatasi polepole kutoka mbali. Kwenye sentimita 30 hivi doa linapotea. Hapo ndipo neva ya jicho inapotokea nyuma ya jicho, hakuna seli za kuona, na ubongo unapaziba kwa rangi ya karatasi bila kukuarifu.

Kisha mmulike mwenzako tochi ya simu kwenye jicho moja kwa sekunde moja, kwa upande, chumbani penye giza kidogo. Mboni za macho yote mawili zinasinyaa, hata lile usilolimulika. Amri hiyo inatoka kwenye shina la ubongo, ile sehemu ya chini inayoungana na ugwe, na ndiyo maana muuguzi hummulika mgonjwa asiyejitambua.

Hatua ya sita: ramani kwa Kiswahili

Lugha yetu ilishakigawa kichwa zamani, na mgawo wake unakubaliana vizuri na wa madaktari. Weka kiganja mahali kila ninapotaja.

Paji la uso. Nyuma yake ndiko kwenye kupanga, kujizuia, kuamua, na mwishoni mwake kule juu ndiko zinakotoka amri za misuli. Utosi: mguso, na kujua mkono wako uko wapi bila kuutazama. Panja, juu na mbele ya masikio: kusikia, kuelewa maneno, na ndani zaidi hipokampasi inayotunza kumbukumbu mpya. Mwaka 1953 huko Marekani kijana Henry Molaison alitolewa sehemu hizo pande zote mbili ili kutibu kifafa; tangu hapo hadi kifo chake mwaka 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za mambo yanayomtokea. Kisogo: kuona. Ndiyo, macho yako mbele lakini anayeona yuko nyuma, na mtu akipigwa kisogoni akaona nyota, basi hakusingizia.

Chini ya kisogo, juu tu ya shingo, weka vidole viwili. Hapo ndipo binti yangu wa Tandika alipotakiwa kugusa. Serebelamu ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa ubongo, lakini kati ya nyuroni zetu, yaani seli za neva, zinazokadiriwa kuwa bilioni 86, karibu bilioni 69 zimo humo. Kazi yake ni kusawazisha mwendo. Ijaribu: gusa pua yako kisha kidole cha mwenzako, haraka haraka. Simama mguu mmoja. Pombe inaivuruga mapema, kwa hiyo mlevi anajulikana kwa miguu kabla ya maneno.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni hili. Shika karatasi yenye maandishi, itikise kushoto na kulia kwa kasi: husomi. Sasa itulize karatasi, utikise kichwa kwa kasi ileile: unasoma vizuri. Sikio la ndani linaliambia shina la ubongo kichwa kinakwenda wapi, macho yanasukumwa upande wa pili, na serebelamu inarekebisha hesabu. Bila mtambo huo usingesoma hata bango moja ukiwa ndani ya daladala.

Hatua ya saba: kichwa cha mbuzi

Nenda asubuhi machinjio ya Vingunguti au bucha unayoiamini, uchukue kichwa cha mnyama aliyekaguliwa, aliyechinjwa siku hiyohiyo. Ubongo ukilala kwenye joto la Dar unakuwa uji. Sema mapema unachotaka, kwa sababu mkono wa mchinjaji umezoea kupasua katikati kwa shoka mara moja. Mwombe akuondolee mfuniko wa juu kwa mapigo madogo kuzunguka, kama anayefungua dafu. Mimi mara ya kwanza nilinyamaza, nikarudi nyumbani na mifupa iliyochanganyika na kitu kama maziwa ya mgando.

Vaa glavu. Kitu cha kwanza utakachokutana nacho si ubongo, ni utando mgumu wa kijivujivu unaofanana na mfuko laini. Ni wa nje kati ya tando tatu; wa kati ni kama utando wa buibui, na wa ndani umegandana na ubongo na kubeba mishipa ya damu. Tando hizi zikishambuliwa na vijidudu ndipo tunapata homa ya uti wa mgongo, ingawa jina linakufanya ufikirie mgongo peke yake. Kata utando wa nje polepole. Kati ya nusu mbili za ubongo umeingia kama pazia.

Pindua kichwa chini, saidia kwa mpini wa kijiko, ukate nyuzi nyeupe zinazoushikilia ubongo kwa chini. Nyuzi mbili nene za mbele ni neva za macho. Wangu wa mwisho niliuweka kwenye mzani wa dukani: gramu 110. Wa mtu mzima ni kilo 1.3 hadi 1.4.

Kwa wakati huu bado ni laini mno kukatwa vizuri. Uloweke kwenye spiriti, ubadilishe baada ya siku moja, uache siku tatu hadi nne. Weka mbali na jiko. Ukikosa subira, chemsha kwa moto mdogo wenye maji ya chumvi dakika kumi. Utakaza, ila kijivu na cheupe havitaachana vizuri.

Ukishakaza, uweke kwenye sinia na usikate bado. Tazama juu: mikunjo. Ikikunjuliwa inatoa eneo kubwa ndani ya nafasi ndogo, kama khanga iliyokunjwa begini. Nyuma kuna kitu chenye mistari myembamba ya kupendeza: serebelamu. Pindua. Mbele kabisa, kama hazikubaki kwenye fuvu, kuna vimbe mbili za kunusa, kubwa mno ukilinganisha na zetu. Nyuma yake neva za macho zinakutana na kufanya herufi X. Nyuma zaidi ni shina: daraja, halafu medula inayoshuka kuwa ugwe. Pumzi na mapigo ya moyo vinaongozwa kutoka hapo, kwenye kitu kisichozidi kidole chako.

Inamisha serebelamu kidogo kuelekea nyuma, umulike katikati. Vinundu vinne, jozi mbili, za kugeuza macho na masikio kunako kitu. Juu yake kitu kidogo kuliko kunde, tezi ya paineali, inayotoa homoni ya usiku.

Sasa kata katikati, mkato mmoja mrefu, bila kusaga. Utaona ukanda mweupe uliopinda: ndiyo nyaya zinazounganisha nusu ya kulia na ya kushoto. Chini yake thalamasi, kituo ambako habari karibu zote za mwili hupita kabla ya kupanda juu, isipokuwa harufu inayojipitia njia yake. Chini ya thalamasi kuna haipothalamasi: njaa, kiu, joto. Na ndani ya serebelamu utaona mti mweupe wenye matawi. Wanafunzi huwa wanatoa simu wenyewe hapo.

Tofauti moja uiseme kwa sauti: mbuzi anatembea kwa miguu minne, shina lake limelala na serebelamu iko nyuma. Sisi tumesimama, shina limeinuka, serebelamu ikaenda chini. Asiyeambiwa hivyo atachora binadamu mwenye kichwa cha mbuzi kwenye mtihani, na nimeshasahihisha michoro ya namna hiyo.

Hatua ya nane: kuitumia ramani

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo, aliamka mkono wa kulia umelegea na maneno hayatoki. Ndugu walisema kapigwa na jini, zikapita siku mbili. Aliyemaliza hatua saba anaweza kusoma kilichotokea. Nyaya za misuli huvuka upande kwenye medula, kwa hiyo mkono wa kulia ukilegea, tazama ubongo wa kushoto. Na maneno kwa watu wengi yako kushoto pia. Paul Broca aliliona hilo Paris mwaka 1861, kwa mgonjwa aliyebaki na silabi moja tu, "tan", na kidonda chake kikakutwa kushoto, nyuma ya paji. Mkono wa kulia pamoja na maneno: mshipa wa kushoto. Ni kiharusi.

Mwambie mtu atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka, au maneno yakikatika, andika saa ilipoanzia na mwende hospitali kubwa papo hapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inapopatikana na kumfaa mgonjwa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Usimpe chakula wala maji. Huenda koo halimezi sawasawa.

Kufunga meza

Osha kisu na sinia kwa sabuni na maji ya moto, glavu zitupe. Ubongo ulioguswa na spiriti hauliwi na mtu wala paka. Ufukie kina cha mkono mzima, la sivyo mbwa wa mtaa watauleta mlangoni kwako asubuhi. Ukitaka kuutunza, mimina spiriti mpya, funga mfuniko, na uandike kwa kalamu nene SI CHAKULA. Wangu nilisahau kuuandikia, nikauweka kwenye friji nyuma ya mtungi wa maji, na shangazi yangu alipokuja kutoka Tanga akauliza mbele ya wageni hii achari ya nini haina pilipili.